Sura ya Saba: Kipi Kitangulie, Vyuma au Mbio?

Jumamosi alfajiri Mwanza huamshwa na filimbi. Klabu za jogging hutoka Mabatini, Igogo, Kirumba na Pasiansi, kila moja na fulana zake, kocha akiwa mbele na nyimbo zikipokezanwa nyuma, na nyingi huelekea barabara ya Capri Point, ambako ziwa liko upande mmoja na mawe makubwa upande mwingine. Hukimbia saa nzima, pengine zaidi. Kisha hukusanyika kwenye uwanja wa wazi kama Furahisha, na hapo ndipo kocha anapotangaza pushapu, kuchuchumaa na mazoezi ya tumbo. Miguu imeshakwisha. Watu huchuchumaa nusu, pushapu ya kumi haifiki chini, na zoezi lililokusudiwa kujenga nguvu linageuka kuwa la kumalizia ratiba.

Mitaa michache kutoka hapo kuna gym za mtaani, zenye vyuma vya zege iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba. Vijana wa huko hunyanyua kwa bidii na hawakimbii kabisa, kwa kuwa wameambiwa kwamba mbio zinakula misuli.

Wakimbiaji wanahitaji kile walichonacho wanyanyuaji, na wanyanyuaji wanahitaji kile walichonacho wakimbiaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani ya moyo na pumzi kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo afanye mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Sehemu ya kwanza watu wanaikumbuka. Ya pili husahaulika, au huachiwa dakika za mwisho mwili ukiwa hauna kitu.

Nikiulizwa kipi kitangulie, jibu langu ni hili: kitangulie kile ambacho mwili wako unakihitaji zaidi kwa sasa, kwa sababu kinachofanywa mwanzoni ndicho kinachofanywa vizuri. Na kwa watu wengi wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kinachohitajika zaidi ni nguvu. Sura hii inaeleza kwa nini nasema hivyo, na ni nani hasa anayepaswa kupanga kinyume chake.

Mnyanyua vyuma aliyeanza kukimbia

Imani kwamba mbio zinakula misuli ina asili yake, na inafaa kuijua kabla ya kuikataa au kuikubali. Robert Hickson alikuwa kijana wa Kimarekani mpenda vyuma. Alipojiunga na maabara ya Profesa John Holloszy katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, alikuta mkuu wake ni mkimbiaji, naye akaanza kukimbia pamoja naye. Haikuchukua muda akaona misuli yake inapungua ingawa hakuacha vyuma. Alipomweleza profesa, akaambiwa kwamba siku atakapopata maabara yake mwenyewe, huo ndio uwe utafiti wake wa kwanza.

Hickson aliutimiza ushauri huo Chicago, na matokeo yakachapishwa 1980. Aligawa watu katika makundi matatu kwa wiki 10. La kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu siku 5 kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi makali ya pumzi, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. La tatu lilifanya yote mawili, bila kupunguza chochote. Pumzi ya kundi la tatu iliongezeka sawa na ya kundi la pili. Nguvu zake nazo zilipanda pamoja na za kundi la kwanza kwa muda wa wiki saba hivi, kisha zikasimama, na katika wiki za 9 na 10 zikaanza kushuka, wakati wenzao wa vyuma pekee walikuwa bado wanapanda.

Hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Lakini angalia ukubwa wa mzigo: kundi la tatu lilikuwa na vipindi 11 vizito kila wiki. Hiyo si wiki ya mwalimu wa Butimba, wala ya fundi wa Igoma, wala ya muuza duka wa Makoroboi. Tangu hapo tafiti nyingi zimefuata zenye mizigo ya kawaida, na mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake walizikusanya 43 na kuzichambua kwa pamoja. Walikuta kwamba kuchanganya mazoezi hayo mawili hakuzuii misuli kukua wala nguvu kuongezeka kwa namna ya kutisha. Kilichopungua ni nguvu ya mlipuko, ile ya kuruka na kuchomoka, hasa pale mazoezi yote mawili yalipobanwa ndani ya kipindi kimoja.

Kwa hiyo kijana wa gym ya mtaani hana haja ya kuogopa mbio. Anachotakiwa kuangalia ni wingi wa mzigo, muda wa mapumziko na mpangilio.

Ndani ya msuli

Mambo mawili hutokea unapokimbia kabla ya kunyanyua. La kwanza ni uchovu wa kawaida. Mbio za dakika 40 hupunguza akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli ya mapaja na ndama za miguu, na pia hudhoofisha amri ambazo ubongo na mishipa ya fahamu hupeleka kwenye misuli hiyo. Ukienda kwenye vyuma ukiwa hivyo, uzito uliozoea kuunyanyua mara 10 utaunyanyua mara 7. Msuli haujui kwamba ulikusudia 10. Unajijenga kwa kufuata kazi iliyofanyika kweli, na kazi hiyo imepungua.

La pili hutokea ndani kabisa ya chembe za msuli. Kuna kimeng'enya kiitwacho AMPK ambacho kazi yake ni sawa na ya mtunza ghala: akiba ya nishati ikishuka, husimamisha ujenzi wote usio wa lazima. Miongoni mwa anavyovizuia ni mfumo uitwao mTOR, ambao ndio unaoamuru protini mpya za msuli zitengenezwe baada ya kunyanyua kitu kizito. Mbio ndefu na kali humwamsha mtunza ghala huyo. Hata hivyo zuio lake ni la muda, na hulegea saa chache baada ya kupumzika na kula.

Hii ndiyo sababu muda kati ya kipindi kimoja na kingine una uzito kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wachezaji wa raga wa ridhaa kwa wiki 7, wengine wakifanya vyuma na mazoezi ya pumzi kwa kufuatanisha, wengine wakiachanisha kwa saa 6, wengine kwa siku nzima. Waliofuatanisha ndio walioambulia kidogo zaidi, na ushauri uliotolewa 2016 ulikuwa kwamba pasiwe na pengo la chini ya saa 6 pale inapowezekana. Mtu anayeweza kukimbia asubuhi kabla ya kazi na kunyanyua jioni amekwepa sehemu kubwa ya tatizo bila kuhangaika na kipi kitangulie.

Lakini wengi hawana nafasi hiyo. Daladala ya kwenda Buhongwa haimsubiri mtu, watoto wanatakiwa shule, na jioni giza linaingia mapema. Wengi wana saa moja tu, na lazima yote mawili yaingie humo. Hapo ndipo swali la mpangilio linapopata jibu lenye faida.

Mwaka 2018 Lee Eddens na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti zilizolinganisha mipangilio hiyo miwili ndani ya kipindi kimoja. Waliotanguliza vyuma walipata ongezeko la nguvu za miguu lililozidi la wenzao kwa takriban asilimia 7. Kwa ukubwa wa misuli, kwa uwezo wa pumzi na kwa mafuta ya mwili, hapakuwa na tofauti ya maana. Soma tena hilo la mwisho. Watu wengi hutanguliza mbio wakiamini kwamba ndivyo kitambi kinavyoondoka haraka. Mpangilio hauondoi kitambi. Kinachokiondoa ni chakula unachokula na jumla ya kazi unayofanya wiki baada ya wiki.

Ukizijumlisha habari hizo, hesabu inakuwa nyepesi: ukitanguliza vyuma hupotezi pumzi, ila ukitanguliza mbio unapoteza sehemu ya nguvu. Ndiyo maana nawaomba makocha wa klabu zetu wabadilishe ratiba. Baada ya dakika 5 hadi 10 za kutembea haraka na kupasha misuli moto, fanyeni kuchuchumaa, pushapu na kubebana mgongoni kwa dakika 20, kila mtu akiwa mzima na mwenye umakini. Kisha pigeni filimbi mkimbie. Nyimbo zitatoka vilevile.

Mazoezi yalianza kabla hujavaa raba

Vitabu vingi vya mazoezi huandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti mchana kutwa na kuingia gym jioni. Mwanza ina watu wa namna hiyo, na wanaongezeka. Lakini ina pia maelfu ambao siku yao yenyewe ni mazoezi, na kwao kuuliza kipi kitangulie bila kuhesabu kazi ya siku ni kuanza hesabu katikati.

Fikiria mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe au Luchelele. Ameinama, amesimama, amegeuza, amekusanya, amebeba beseni kichwani na kupanda nalo mchanga tangu asubuhi. Fikiria anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Igogo, ambako gari halifiki, na kila ndoo ya maji na kila gunia la mkaa hupandishwa kwa miguu. Moyo na pumzi za watu hao zimeshafanya kazi kwa saa kadhaa. Dakika 150 za wiki wanaweza kuzimaliza kabla ya Jumatano. Mtu kama huyo akinijia akaniambia ana dakika 20 za ziada, simpeleki kukimbia. Namwambia achuchumae akiwa na ndoo, asukume, avute, ainue mzigo mzito mara chache kwa mwendo sahihi, yaani afanye kile ambacho siku yake haimpi: uzito mkubwa kwa muda mfupi, kisha mapumziko.

Mbeba mizigo wa Mwaloni, Kirumba, anahitaji ratiba tofauti. Yeye mgongo na miguu vimeshabeba magunia ya dagaa mchana kutwa. Kumwongezea chuma kizito jioni ile ile ni kuongeza uchovu juu ya uchovu. Vyuma vyake viwekwe siku ya mapumziko au asubuhi kabla ya kazi, vichache, na viguse misuli ambayo gunia haliigusi: kujivuta juu ya bomba, kusukuma, na kuimarisha tumbo ili uti wa mgongo upate msaada. Jioni anaweza kutembea taratibu au kuogelea, damu itembee.

Kisha kuna wavuvi wa dagaa, ambao kalenda yao ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, na wengi huvuta mitumbwi nchi kavu wakashona nyavu na kupumzika kwa siku kadhaa. Mvuvi anayetaka kujenga nguvu asijaribu kufuata ratiba ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa iliyoandikwa kwa ajili ya karani. Usiku wa giza mwili wake unakesha, unavuta nyavu na kupiga kasia, na usingizi wake ni wa vipande vipande. Huo ni wakati wa kudumisha tu, kipindi kimoja chepesi kwa wiki. Siku za mbalamwezi ndizo za vyuma vizito, kwa sababu ndizo siku anazolala usiku mzima, na msuli hujengwa mtu akiwa amelala.

Kasia linavyofundisha

Asiyeamini kwamba nguvu na pumzi vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja akatazame mashindano ya mitumbwi. Kwa miaka mingi mashindano yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi yaliwakusanya wapiga kasia wa Kanda ya Ziwa, wanaume na wanawake, kutoka sehemu kama Ukerewe, Musoma na Bukoba, na fainali zikafanyika Mwaloni hapa Mwanza.

Mtumbwi uliosimama majini ni mzito. Mapigo ya kwanza ya kuuondoa yanadai nguvu kamili ya mgongo, mabega na miguu iliyokaza dhidi ya ubao. Ukishashika kasi, kazi inahamia kwenye pumzi: pigo baada ya pigo, kwa mdundo mmoja na wenzako, hadi kwenye boya la kugeuzia. Pale kwenye kugeuza nguvu inadaiwa tena, wakati huu mapafu yakiwa yanawaka. Mpiga kasia mwenye pumzi bila nguvu huachwa mwanzoni na kwenye kona. Mwenye nguvu bila pumzi huongoza mita mia chache za kwanza tu.

Mtu wa namna hii aandae vipi wiki yake? Mapema katika maandalizi, mashindano yakiwa bado miezi miwili mitatu mbele, atangulize nguvu: avute mzigo mzito kuelekea kifuani, anyanyue kutoka chini, achuchumae, ndipo aingie majini kwa mwendo mwepesi. Mashindano yakikaribia ageuze: kasia la kasi litangulie, mwili ukiwa mpya, na vyuma vibaki vichache vya kutunza kile kilichokwishajengwa. Mpangilio wake unabadilika kwa kuwa hitaji lake limebadilika. Kanuni ni ile ile.

Mkimbiaji naye asivikimbie vyuma

Wapo wanaopaswa kutanguliza mbio, nao ni wakimbiaji wenyewe. Anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Rock City, au kijana anayesaka nafasi kwenye timu ya mkoa, hitaji lake la kwanza ni mbio, kwa hiyo zoezi lake gumu la kukimbia lifanyike mwili ukiwa mpya. Kosa lake la kawaida ni kuviacha vyuma kabisa.

Pwani hii imezaa mkimbiaji mkubwa anayetufaa kwa mfano. Suleiman Nyambui alizaliwa 1953 Majita, upande wa Mara wa ziwa hili, na kwenye Olimpiki za Moscow mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000. Alimaliza nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, katika michezo hiyo hiyo, ndizo mbili pekee ambazo Tanzania imewahi kupata Olimpiki. Yifter alikuwa maarufu kwa kuchomoka mzunguko wa mwisho, na huko ndiko mbio zilikoamuliwa: baada ya zaidi ya dakika 13 za pumzi, mshindi alipatikana kwa nguvu ya miguu.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huo huo. Picha ya mstarini ilionyesha tofauti ya sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na baada ya kilomita 42 iliamuliwa na hatua za mwisho kabisa.

Maabara inakubaliana na viwanja. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake wa Jyväskylä, Finland, walichukua wakimbiaji wazoefu na kubadilisha karibu theluthi ya mazoezi yao kuwa ya kuruka, kuchomoka na kunyanyua kwa kasi, kwa wiki 9. Muda wao wa kilomita 5 ulipungua ingawa kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hakikuongezeka. Miguu yenye nguvu ilitumia nishati kidogo kwa kila hatua.

Kwa mkimbiaji basi napendekeza hivi: siku ya mbio ngumu ndiyo iwe pia siku ya vyuma, mbio asubuhi na vyuma jioni, mara 2 kwa wiki. Inaonekana kama kujitwisha mzigo, lakini faida yake ni kwamba siku za mbio nyepesi zinabaki nyepesi kweli, na miguu inapona. Marudio yawe machache na mzigo uwe mzito kiasi cha haja. Mkimbiaji hatafuti kifua kipana.

Mteremko na baiskeli

Aina ya mazoezi ya pumzi nayo inahusika. Jacob Wilson na wenzake walipochambua tafiti mwaka 2012 waliona kwamba kukimbia kunaingilia ujenzi wa nguvu na misuli ya miguu zaidi kuliko kuendesha baiskeli, na kwamba kadiri siku na dakika zinavyozidi ndivyo hasara inavyokua. Sababu mojawapo ni namna mguu unavyotua. Kila hatua ya mbio paja hukaza huku likivutwa kurefuka ili kuzuia mwili usianguke, na mkazo wa namna hiyo huchana nyuzi ndogo za msuli. Kuteremka mlima huzidisha. Aliyewahi kushuka mbio kilima cha Bugando au cha Isamilo anajua maumivu ya mapaja yanavyokuja kesho yake na kuzidi keshokutwa.

Baiskeli haina kutua huko. Na hapa Usukumani baiskeli haijawahi kuwa ngeni: imebeba mahindi, mkaa, maziwa na abiria, na mbio za baiskeli zimewapa Wasukuma sifa nchi nzima. Kijana anayetaka kujenga miguu bila kuacha pumzi aifikirie kwa uzito. Avute vyuma kwanza, kisha aendeshe kuelekea Kisesa na kurudi. Anayependa kukimbia kwenye vilima apande mbio na kushuka kwa kutembea, hasa kama kesho yake ana siku ya kuchuchumaa.

Presha, sukari na umri

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana shinikizo la juu la damu, na karibu 1 kati ya 11 ana sukari ya juu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Wito huo uliwatoa watu wengi ndani. Sasa waliotoka wanahitaji ratiba inayowafaa.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 afanye vyote viwili bila kuacha kimoja. Huko Louisiana, Marekani, wagonjwa 262 walifuatiliwa kwa miezi 9, na matokeo yakatolewa 2010: kundi lililochanganya vyuma na pumzi ndilo lililoshusha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa kiwango cha kuhesabika, wakati waliofanya kimoja tu hawakufika hapo.

Anayechoma insulini kwa kisukari cha aina ya 1 ana sababu ya pekee ya kuzingatia mpangilio. Watafiti wa Kanada walionyesha 2012 kwamba wagonjwa waliotanguliza vyuma na kumalizia na mbio walikuwa na sukari iliyotulia zaidi wakati wa mazoezi, kuliko siku walizotanguliza mbio. Kwake vyuma kwanza ni kinga dhidi ya sukari kushuka ghafla, ingawa bado apime kabla na baada, na atembee na kitu kitamu mfukoni.

Mwenye presha ambayo haijadhibitiwa amwone daktari kabla ya kugusa mzigo mzito. Iliyodhibitiwa inaruhusu vyuma vya wastani, kwa sharti la kutobana pumzi: toa hewa unapoinua, vuta unaposhusha.

Wazee wangu ndio ninaowasihi zaidi. Kutembea asubuhi ni jambo jema, lakini kutembea pekee hakuzuii misuli ya miguu isisinyae, na msuli uliosinyaa ndio unaomwangusha mtu bafuni na kumvunja nyonga. Huko Porto Alegre, Brazil, Eduardo Cadore na wenzake walifanya kazi na wanaume wa umri wa miaka 65 hivi, siku 3 kwa wiki kwa wiki 12. Nguvu za miguu za waliotanguliza vyuma ziliongezeka kwa takriban asilimia 35. Za waliotanguliza baiskeli ziliongezeka kwa 22. Pumzi zao ziliongezeka sawasawa. Babu na bibi wanaanza na kiti: kukaa na kusimama bila kushika kitu, mara 8 hadi 10, wapumzike, warudie mara tatu. Wakishaweza, washike chupa ya maji kila mkono. Matembezi yaje baadaye.

Panga wiki yako

Huhitaji gym. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20, na maji hupunguzwa au kuongezwa utakavyo. Begi la mgongoni lenye mchanga hufanya kazi ya chuma. Bomba imara au tawi la mwembe hutosha kwa kujivuta.

Mwenye saa moja, siku 3 kwa wiki, afuate mpangilio huu. Dakika 8 za kutembea haraka na kuzungusha viungo. Dakika 25 za nguvu: kuchuchumaa na mzigo, kusukuma, kuvuta, kuinua kutoka chini, seti 3 kila moja, marudio 6 hadi 12, ukiacha ukiwa umebakiza mawili matatu tu mwilini. Dakika 22 za mbio, baiskeli au kamba. Dakika 5 za kutembea taratibu. Siku zilizobaki tembea.

Mwenye nafasi asubuhi na jioni aachanishe kwa saa 6 au zaidi na ale vizuri katikati: ugali, viazi au wali kwa ajili ya akiba ya wanga, na sato, dagaa au maharage kwa ajili ya msuli. Mkimbiaji atangulize mbio. Anayefanya kazi ya mwili kutwa aangalie kwanza kazi hiyo imechukua nini, ndipo aongeze kilichokosekana.

Kabla hujaanza, pima mambo mawili na uyaandike: unasimama kutoka kitini mara ngapi kwa nusu dakika bila kushika kitu, na unatumia dakika ngapi kukimbia au kutembea kilomita 2 za njia ile ile. Baada ya wiki 8 pima tena, saa ile ile ya siku. Kipimo kilichosogea kidogo kuliko mwenzake ndicho kitakachotangulia kwenye wiki 8 zinazofuata, na utafanya hivyo tena kila baada ya wiki 8.